Kamba ya Bendera ya Borghild

Solveig amekufa. Habari ilinifikia kwa simu Jumatano asubuhi, nikiwa nje kwenye kiwanja cha nyumba, parcelle yangu, nageuza mihogo juani. Aliyepiga ni mtoto wa kaka yake, kijana ambaye sijawahi kumwona uso kwa uso lakini ananiita tantine, shangazi. "Tantine Veronika, alilala, hakuamka. Tutamzika Ijumaa, saa sita ya mchana." Simu ikakatika. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, mikono kichwani, nikapiga ukelele namna tunavyopiga sisi, mpaka avenue nzima ikasikia. Majirani wakaja mbio, mmoja bado ana mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi. Nani amekufa? Mjukuu? Mkwe? Nikawaambia ni Solveig, yule mzungu wa Norvège, nchi ya Norwe, aliyekuwa muuguzi kwenye dispensaire ya zamani, upande wa gare, stesheni ya reli. Wakubwa wawili watatu walimkumbuka, wakasema maskini, alikuwa na mkono mwepesi wa sindano. Halafu mmoja mmoja wakarudi kwenye sufuria zao.

Aliyebaki ni Mama Bolumbu, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ni mjane wa askari, mtu wa mkoa wa Équateur. Alikuja huku mume wake alipopangwa Base ya Kamina, mume akafa, yeye akahamia mjini akaanza kuuza mikate ya mafuta. Kiswahili chake mpaka leo kina Lingala ndani, kama mchanga ndani ya mchele. "Mama Ngoie, pole, vraiment," akasema, kwa jina langu la nyumbani. "Mais maiti iko wapi? Ndugu yake iko wapi? Kilio bila maiti, bantu batamulilia nani?"

"Batamulilia Solveig."

"Ule muntu iko Poto, kule Ulaya, mama. Benyewe kule njo batamulilia." Akainua beseni lake la mikate kichwani, akaenda.

Nilimwacha aende. Nilikuwa na hasira, na mimi nikijibu na hasira, kesho yake lazima niende kuomba msamaha na kuku mkononi. Lakini nilikata shauri hapohapo, na vumbi langu kwenye matako: Solveig atapata kilio Kamina, hata kama mkekani nitakaa peke yangu. Anayeona nimezeeka vibaya, aketi kwanza nimweleze mwaka niliokaa kwao.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mama yake Solveig, jina lake Borghild, alikuwa ameanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, na Solveig alikuwa anarudi kwao kumtunza. Akaniambia: twende, kaa mwaka mmoja. Asubuhi utajifunza kushona kwenye shule ya pale, mchana utamshika mama mkono, mimi nitakuwa kazini hospitalini. Siku ya kuondoka, pale gare ya Kamina, tata yangu, baba mzazi, alinisindikiza mpaka kwenye mlango wa behewa. Alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli maneno yao ni machache, kazi yao wameizoea kwa taa na bendera. Alinishika bega akasema: "Enda uone, Ngoie. Uone bien-bien. Halafu urudi, utuambie." Basi. Hakuniambia nisali, hakuniambia nisisahau kwetu. Neno hilo lilikuwa zito kuliko valizi yangu, na kila kitu nilichokutana nacho kule nilikitazama mara mbili, mara moja kwa macho yangu na mara moja kwa ajili yake.

Mji unaitwa Kristiansund. Umekaa juu ya visiwa, na visiwa vyenyewe ni jiwe tupu. Tulifika kwa meli, mwezi wa tisa, upepo unakata masikio, nikasimama juu nikatafuta shamba, nikatafuta hata mti wa kufungia mbuzi, sikuona. Niliona majabali, na juu ya majabali nyumba za mbao, nyekundu, njano, kijani, buluu, zimepandana mpaka juu kama bikwembe, vitenge vyetu, kwenye meza ya muuzaji sokoni. Katikati ya visiwa, bahari imeingia kama barabara. Nikamuuliza Solveig, "Mais hapa bantu banakula nini? Mawe?" Akacheka sana, akasema, "Njo ile, Ngoie. Mawe njo ililisha huu muji." Nilifikiri ananitania.

Nyumba ya Borghild ilikuwa kwenye kisiwa kidogo kuliko vyote, upande wa mji wa zamani. Ilikuwa nyumba ya manjano, na mbele yake kiwanja kama mkeka mmoja, na kwenye kiwanja mlingoti mweupe wa bendera. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mlingoti wake. Kwetu bendera ni ya ofisi na ya kambi, raia akiweka bendera ataulizwa ameasi lini. Nikajiambia, hawa watu wanajipenda. Ndani kulikuwa na jikoni la joto, meza imesukumwa dirishani, na mama mmoja mrefu, mkavu, mikono yake mikubwa kama ya mpiga makasia, ananitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Borghild hakujua Kiswahili hata neno, na mimi Kinorwe nilikijifunza kwa kuungua. Lakini nikimkumbuka, ananisemea Kiswahili cha Kamina, na hivyo ndivyo nitakavyomwandika. Angesikia angecheka.

Jumapili ya kwanza aliweka mezani sufuria. Ndani nyanya, vitunguu, viazi, pilipili nyekundu, na samaki. Kabla hajafunua vizuri, harufu ilinishika pua, nikasimama. "Makayabu!" Solveig akashika mdomo. Alikaa Kamina miaka yote ile, akala makayabu kwenye ndoa zetu na kwenye Noeli zetu, na hakuwahi kumwambia mama yake. Nikaeleza, na yeye akitafsiri: kwetu tunamnunua sokoni, mgumu kama ubao, chumvi imemkalia kama unga. Unamlowesha, unamwaga maji, unamlowesha tena, halafu unamkaanga na nyanya. Samaki wa ziwa Kisale tunao, wa moshi, tunamla siku zote, lakini makayabu ni wa siku ya wageni. Borghild akaweka kijiko chini. "Munakula? Benyeji ya kule Kamina?" Akamwuliza Solveig mara ya pili, kama mtu anayeogopa kudanganywa. Ndipo nilipojua kazi ya mikono ile. Tangu akiwa msichana mdogo alikuwa mmoja wa wanawake wa majabali. Samaki waliletwa na meli kutoka kaskazini, wametiwa chumvi, na wanawake waliwabeba mpaka juu ya mawe, wakawatandaza asubuhi, wakawageuza mchana, jioni wakawakusanya kwa mafungu ya duara na kuyafunika na mifuniko ya mbao. Jua likiwa kali mno, nyama inaiva inaharibika, unakimbia kufunika. Wingu likitokea, unakimbia kufunika. Mji mzima ulikuwa unatazama juu, hata padri katikati ya mahubiri. "Bakubwa ba kazi balituambia samaki inaenda Espagne, Portugal, Brésil," akasema. "Hakuna aliyetuambia Kamina." Halafu akaniuliza swali ambalo nafikiri alikuwa nalo maisha yote: "Iko tamu?"

"Mama," nikamwambia, "siku makayabu iko mu sufuria, batoto habatoke mu parcelle."

Alicheka mpaka nyonga ikamuuma, tukamlaza. Tangu siku ile hakuniita Veronika tena mbele ya watu. Aliniita mlaji wangu. Samaki wa kwetu walitoka wapi hasa, sijui, pwani ile ni ndefu na miji ya samaki ni mingi. Lakini sisi wawili tulikubaliana kwamba walipita mikononi mwake, na mpaka leo hajatokea wa kutubishia. Usiku ule nikajiambia: hili nitamwambia tata kwanza kuliko yote.

Na mengine nilimwekea. Nilimwekea habari ya moto. Borghild alinipa wakati tunamenya viazi, macho yake kwenye kisu. Vita vilipoingia nchi ile, ndege zilikuja juu ya mji siku nyingi mfululizo, na nyumba zilikuwa za mbao, na upepo ulikuwa ule ule wa siku zote. Watu walivuka kwa mashua za kuvulia, wakakaa kwenye mawe ya ng'ambo, wakatazama mji wao unavyoungua. Yeye alikuwa na mtoto tumboni na kinu cha kahawa kwapani. "Juu ya nini kinu?" nikamuuliza. "Miye najua?" akanijibu. "Mukono ilichukua ile ilikuwa karibu." Kinu kilikuwa palepale kwenye rafu, tulikuwa tunasagia kahawa kila siku. Kisiwa chake kilibakiwa na nyumba nyingi za zamani, lakini ng'ambo, katikati ya mji, ilibaki majivu na mabomba ya moshi. Wakajenga upya. Na walipojenga, hawakupaka kijivu wala nyeusi ya msiba, walipaka rangi zile nilizoziona kutoka melini. Sisi watu wa Kamina tunajua ndege za vita, Base haiko mbali, tulizisikia tangu utotoni, na tunajua mji kusimama na kusimama tena. Ila kupaka nyumba njano juu ya majivu, hilo niliona ni ubishi wa aina yake, na niliupenda.

Nilichokichukia ni kimya chao. Aa, kimya kile! Kuvuka kutoka kisiwa hadi kisiwa kulikuwa na kimashua cha abiria, kinazunguka siku nzima. Kimoja cha visiwa jina lake linaanza na Goma, na mimi peke yangu kila tukifika hapo nilikuwa nacheka. Siku ya kwanza nilipanda nikafanya kama mtoto aliyelelewa: nikawasalimia wote, mmoja mmoja, kwa mkono, na goti kidogo kwa wazee. Watu wakageuka dirishani kama vile bahari imeletwa jana. Kapteni, mzee mwenye sharubu nyekundu, akakata tiketi yangu bila neno. Siku ya pili nikasalimia tena. Siku ya tatu tena, kwa hasira sasa, kama mtu anayetupa mawe. Kwetu ukipanda lori bila salamu watu wanashika mifuko yao. Nikamwambia Solveig, muji iko muzuri, mais bantu yake njo ile mawe yenyewe. Solveig akasema, "Ngoja. Huku muntu anaweka sauti yake akiba." Nikasema akiba gani isiyotumika.

Februari, giza limetukalia kama kifuniko cha sufuria, Borghild akavaa gauni jeusi akaniambia nimshike mkono, tunaenda kusikia watu wakiimba. Mji ule wa samaki una jumba la opera, na wanajivunia kuliko bandari yenyewe. Nilikwenda kwa shingo upande, nikijua nitasikia waimbaji kutoka mji mkuu. Pazia likafunguka. Kwaya nzima nilikuwa naijua! Mama wa posta. Mwalimu wangu wa kushona. Yule anayeuza nyavu. Na katikati, amevaa kama mfalme, sharubu nyekundu, kapteni wa kimashua. Akafungua mdomo ule ambao haukuwahi kuniambia hata karibu, ikatoka sauti ya kutikisa viti. Nililia bila kujua nalilia nini. Borghild alinipa kitambaa chake bila kunitazama. Kesho yake kwenye kimashua nikamwambia kapteni kwa Kinorwe changu kibovu kwamba ameimba vizuri. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akatazama mashine yake. Nikasema basi, huyu hatanishinda, nami sitamshinda.

Ilikuwa Machi, theluji inaanza kuyeyuka pembeni ya mawe. Nilikuwa nimeuliza maana ya kila kitu kwenye mji ule isipokuwa kitu kimoja, kwa sababu nilifikiri najua. Nikatoka shule ya kushona, nikavuka, nikapanda kilima, na kutoka mbali nikaona bendera ya nyumba yetu, ya Borghild, imekwama katikati ya mlingoti. Nikasema maskini mama, nyonga imemshinda, ameishia nusu. Nilikuwa mtoto wa mtu wa reli: bendera iliyokaa vibaya tata alikuwa anashuka kwenye baiskeli kuirekebisha. Basi nikaweka mkoba chini, nikafungua kamba, nikaivuta mpaka juu kabisa, nikaifunga na fundo zuri, nikasimama kuitazama ikipepea. Nilifurahi, kusema kweli. Kwenye dirisha la ng'ambo ya njia, mama mmoja aliweka mkono mdomoni. Nikageuka. Borghild amesimama mlangoni na fimbo yake. Nyuma yake Solveig, amevaa nguo za hospitali, saa ambazo hakuwa anarudi nyumbani. Alikuwa amelia.

"Ngoie," Solveig akasema, kwa Kiswahili cha kwetu. "Tata yako alishakufa."

Habari ilikuwa imetoka Kamina kwa phonie, redio ya misioni, ikakaa Kinshasa, ikasafiri, ikamfikia Solveig asubuhi ile kazini. Tata alikuwa amezikwa wiki mbili nzima, na mimi wiki hizo mbili nilikuwa nashona vifungo na kucheka. Nilianguka kwenye theluji. Nikapiga ukelele ambao mtaa ule haukuwahi kuusikia tangu uumbwe. Na nilipokumbuka nilichofanya na bendera nikainuka kama kichaa, nikashika kamba nishushe. Nilikuwa nimeelewa sasa! Katikati ndiyo msiba. Nimempandishia tata bendera ya sherehe! Borghild alikuja mpaka pale bila fimbo, sijui vipi, akaweka mikono yake mikubwa juu ya yangu kwenye kamba.

"Acha," akasema. "Bendera inangojea katikati mpaka muntu azikwe. Akishazikwa, inapanda. Baba yako alishazikwa. Ilikuwa inangojea muntu ya nyumba aipandishe. Umepandisha weye, mutoto wake. Njo namna yake."

Ndipo nilipoangalia chini ya mtaa. Kila mlingoti, nyumba kwa nyumba mpaka kwenye maji, bendera zilikuwa katikati. Tangu asubuhi. Borghild alishusha ya kwake, jirani akauliza kwa nini, akaambiwa, akashusha ya kwake, na wa pili akamuuliza wa kwanza, mpaka bandarini. Watu wale ambao nilikuwa nawasalimia kwa hasira miezi sita walikuwa wameshusha bendera zao kwa mtu wa reli wa Kamina ambaye hawakujua hata jina lake. Na sasa wakaona yangu iko juu. Mlango mmoja ukafunguka, mzee akatoka na soksi, akavuta kamba yake. Halafu mwingine. Kamba zikawa zinagonga milingoti, tak, tak, tak, bendera zinapanda moja baada ya nyingine kuteremka mpaka bandarini. Mimi nililia mpaka sauti ikaisha.

Jioni wakaja. Hawakuja kama sisi, kwa nyimbo na vilio kutoka barabarani. Waligonga mlango, wakavua viatu, wakaweka keki mezani, wakakaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, mikono magotini. Mama wa posta, mwalimu wa kushona, wanawake wa majabali walio hai, vizee vitatu vyenye mikono kama ya Borghild. Wa mwisho alikuja kapteni, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni, maana kwetu mfiwa hakai kitini, na nilikuwa nalia kwa sauti. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Kizee kimoja kikashuka taratibu kutoka kwenye kiti, magoti yanalia, kikaketi sakafuni ubavuni pangu. Borghild akasema: "Baba yako alikutuma uone, urudi umwambie. Solveig aliniambia. Sasa sema. Ulikuwa utamwambia nini?"

Nikasema. Niliwaeleza mji wao kama ningemweleza tata, na Solveig akitafsiri. Tata, nimefika kwenye mji hauna hata mti wa kufungia mbuzi, na mawe ndiyo shamba lao. Tata, wanawake wa hapa waligeuza samaki juani maisha yao yote bila kujua kwamba sisi ndio walaji. Tata, waliunguziwa kila kitu wakapaka njano. Tata, mji huu ni kama Kamina, ni gare, ila reli yao ni maji, kila mtu anapita na wachache wanabaki, na wanaobaki wana kiburi. Tata, kuna mzee hapa hanisalimii lakini anaimba kama Kerubi. Hapo wote wakacheka, hata mimi, kamasi puani, na kapteni akaficha uso kwenye kofia. Walikaa mpaka nilipomaliza. Walipoondoka, kila mmoja alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Borghild alisema hajawahi kusikia mtu akiueleza mji ule vizuri hivyo, na kwamba baba yangu alikuwa amesikia. Mimi ni mkatoliki, sikubishana naye.

Kesho yake nikapanda kimashua, macho yamevimba, sina nguvu ya kusalimia mtu. Nikaketi. Kapteni akatoka kwenye chumba chake, akaja mpaka mbele yangu, akavua kofia. "God morgen, Veronika." Na watu wote waliokuwa ndani, mmoja baada ya mwingine, wakasema vilevile. Walikuwa na haya kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mpaka mwezi wa tisa niliporudi kwetu, salamu ile haikukosekana hata siku moja, na nilipoondoka milingoti yote ya mtaa ilikuwa na bendera juu. Borghild alikufa miaka michache baadaye. Kinu cha kahawa aliniachia mimi.

Sasa mnaelewa. Jumatano ile ile, baada ya Mama Bolumbu kuondoka na mikate yake, nilimwita fundi aniletee mti wa eucalyptus ulionyooka, tukausimamisha mbele ya parcelle yangu. Nikatoa sandukuni kikwembe alichoacha Solveig, cha buluu, kimechujuka. Nikakifunga kwenye kamba, nikakivuta kwanza mpaka juu kabisa, kama alivyonifundisha Borghild, halafu nikakishusha mpaka katikati. Nikatandika mkeka. Haikupita saa, motard akasimamisha pikipiki. "Mama, kikwembe yako imekwama! Nikupandishie?" Nilicheka mpaka nikalia, kijana wa watu akaogopa akataka kukimbia. Nikamwita, nikamweleza. Akazima pikipiki, akaketi. Baada yake wanafunzi, baada yao mchuuzi wa makaa, baada yake yule mzee aliyeukumbuka mkono mwepesi wa sindano, na bibi yake. Kila mtu alikuja kuniambia imekwama, na kila mtu nilimweleza, na nusu yao walibaki. Alhamisi tulihitaji mkeka wa pili. Walionijua tangu zamani waliniita nikae chini nisimulie tena habari ya kapteni. Mama Bolumbu alipita asubuhi na jioni na beseni lake. Hakusimama, na nilimwona hatazami juu.

Ijumaa nikapika makayabu, sufuria kubwa ya ndoa. Watoto hawakutoka kwenye parcelle. Saa sita na kitu simu ikalia: amezikwa, tantine. Watu wote wakasimama bila kuambiwa. Nikashika kamba, nikampandisha Solveig mpaka juu, na wanawake wakaanza wimbo wa Kiluba, ule wa kumsindikiza mtu wa nyumbani. Nilikuwa nafunga fundo wakati mtu aliposimama nyuma yangu. Mama Bolumbu. Hakuwa na beseni. Mkononi alikuwa na kikwembe kilichokunjwa vizuri, cha zamani, rangi ya machungwa.

"Mama Ngoie," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si ile anayouzia mikate. "Mama yangu alikufa kwetu, Basankusu. Ile wakati tulikuwa Base. Habari ilifika na komanda mumoja, nyuma ya miezi mingi. Ile siku niliuza mikate. Kesho yake nikauza mikate. Hakuna muntu alijua." Akatazama juu. "Ile kamba inaweza beba ingine?"

Miaka yote ile, ukuta kwa ukuta. Nikafungua fundo. Tulimshusha Solveig, tukamfunga mama wa Mama Bolumbu chini ya Solveig, nikampa kamba mkononi. Nikamwambia kwanza mpaka juu kabisa. Akavuta. Nikamwambia sasa shusha. Akashusha mpaka katikati, akaniuliza, "Mais, mama, alishazikwa zamani. Si ipande?"

"Itapanda jioni," nikasema. "Bado hatujamulilia." Nikasogea kwenye mkeka, nikamwachia nafasi ubavuni pangu, na watu wote wakakaa tena. "Ikala, Mama Bolumbu. Tuambie. Mama yako aliitwa nani?"